Pointi 10 za Everton: hasira iliyohama kutoka kwa mmiliki kwenda kwa ligi

Ijumaa ya tarehe 17 Novemba 2023, Everton iliamka ikiwa na pointi 14 katika Ligi Kuu ya Uingereza, na hadi jioni ilikuwa imebaki na nne. Tume huru iliyoundwa chini ya kanuni za ligi hiyo iliikata klabu pointi 10 kwa kupata hasara iliyozidi kiwango kinachoruhusiwa, na timu ikaporomoka kutoka nafasi ya 14 hadi ya 19 bila kugusa mpira. Adhabu nzito kiasi hicho haikuwahi kutolewa tangu ligi hiyo ianze mwaka 1992. Middlesbrough ilikatwa pointi tatu msimu wa 1996/97 kwa kutofika kucheza na Blackburn, na Portsmouth ilikatwa tisa mwaka 2010 baada ya kushindwa kulipa madeni yake na kuwekwa chini ya msimamizi.

Siku tisa baadaye Manchester United walikuja Goodison Park, uwanja wa Everton. Wimbo rasmi wa ligi ulipopigwa, uwanja mzima uliuzomea, na maelfu ya kadi za rangi ya waridi zikainuliwa juu, kila moja ikiwa na nembo ya ligi na neno moja la Kiingereza, "corrupt", la kuituhumu kwamba imeoza kwa rushwa. Siku iliyotangulia, ndege iliyovuta bango lenye tuhuma hiyohiyo ilikuwa imepita juu ya uwanja wa Etihad, Manchester City walipokuwa wakicheza na Liverpool, mechi ambayo dunia nzima ilikuwa ikiitazama. Mchezo wenyewe wa Goodison haukuwapa wenyeji faraja yoyote, kwani Alejandro Garnacho alifunga kwa tikitaka katika dakika ya tatu na United wakaondoka na ushindi wa mabao 3-0.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa klabu na ligi, na kwa kiasi fulani ndivyo kilivyokuwa. Jambo ambalo halijapewa uzito wake ni kwamba miezi 10 tu kabla ya kadi za waridi, majukwaa hayohayo yalikuwa yamejaa mabango ya kuwataka wakurugenzi wa klabu waondoke. Tarehe 14 Januari 2023, Everton ilipocheza na Southampton na kufungwa 2-1, wakurugenzi hawakufika uwanjani kabisa, na klabu ikaeleza kwamba kulikuwa na tishio la kweli dhidi ya usalama wao. Mashabiki walibaki kwenye viti baada ya mechi kuonyesha kwamba ugomvi wao ulikuwa na watu wanaoendesha klabu. Ilipofika Novemba, karibu sauti yote ilikuwa imeelekezwa kwa ligi. Maswali yaliyokuwa yakiulizwa Januari hayakuwa yamejibiwa. Yalikuwa yamefunikwa tu na kelele mpya.

Ili kuelewa maswali hayo, ni lazima kurudi Februari 2016, Farhad Moshiri aliponunua asilimia 49.9 ya hisa, umiliki ambao baadaye ulifika asilimia 94.1. Alikuja na fedha na haraka. Kati ya mwaka 2016 na Januari 2023 klabu iliajiri makocha saba, bila kuwahesabu wa muda: Koeman, Allardyce, Silva, Ancelotti, Benítez, Lampard na Dyche. Kila aliyekuja alikuwa na mfumo wake na orodha yake ya usajili, na kila aliyeondoka aliacha nyuma wachezaji wenye mikataba mirefu na mishahara ambayo hakuna klabu nyingine iliyotaka kuibeba. Wakati huohuo ujenzi wa uwanja mpya ulianza mwaka 2021 katika gati la Bramley-Moore, kazi iliyohitaji fedha nyingi kila mwezi hata timu inapofungwa. Sehemu kubwa ya matumaini ya mapato iliegemea kampuni za Alisher Usmanov, tajiri wa Urusi mwenye uhusiano wa karibu na Moshiri. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, udhamini wa kampuni hizo ukasitishwa.

Kanuni yenyewe, iliyoitwa Kanuni ya Faida na Uendelevu, si ngumu kuieleza. Wakati huo klabu iliruhusiwa kupata hasara ya hadi pauni milioni 105 katika kipindi cha miaka mitatu, mradi mmiliki aweke mtaji wake kufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Bila mtaji wa mmiliki, kikomo kilikuwa milioni 15. Fedha zinazowekezwa katika akademi, timu ya wanawake, kazi za jamii na miundombinu hazikuingia katika hesabu. Kwa ajili ya janga la korona, misimu ya 2019/20 na 2020/21 ilihesabiwa pamoja kwa wastani, kwa hiyo kipindi kilichoamuliwa dhidi ya Everton kilifikia miaka minne na kuishia msimu wa 2021/22. Tume ilikuta hasara ya pauni milioni 124.5, yaani ziada ya milioni 19.5. Kufikia kusikilizwa kwa shauri, klabu ilikuwa imekiri kuvunja kanuni; ilichobishania ni kiasi, hasa namna ya kuhesabu riba ya mikopo iliyodai kuwa ni ya uwanja.

Kuna kipengele kimoja katika hesabu hizo kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Katika bajeti ya msimu wa 2021/22, klabu ilitarajia kumaliza katika nafasi ya sita. Ilimaliza ya 16, na tofauti hiyo peke yake iliigharimu takriban pauni milioni 21 za mapato. Ukiiweka milioni 21 hiyo kando ya ziada ya milioni 19.5, unaona wazi kwamba shimo lote lingeweza kuzibwa na nafasi kumi za msimamo ambazo timu haikuzipata. Klabu iliyomaliza msimu uliotangulia katika nafasi ya 10 ilipanga matumizi yake kama klabu ya nafasi ya sita, na ilipokosea haikuwa na akiba ya kuanguka juu yake. Uamuzi wa kupanga hivyo haukufanywa na ligi, wala na mwamuzi, wala na mashabiki. Ulifanywa ofisini kwa klabu.

Kwa upande mwingine, ligi haikuwa mtazamaji asiyejua kinachoendelea. Tangu mwaka 2021 Everton ilikuwa imekubali kushauriana na ligi kabla ya kusajili, na usajili ulioendelea ulifanyika ligi ikiwa na habari zake. Utetezi wa klabu uliegemea hapo: mtawezaje kutuadhibu kwa mambo mliyoyaona yakipita mezani kwenu? Tume haikukubali. Ilisema kwamba klabu ilionywa mapema juu ya hatari ya kuvuka kikomo na bado ikaendelea kununua wachezaji, na kwamba kushauriana na msimamizi hakuhamishii wajibu kwake. Kisheria jibu hilo lina mashiko. Kwa shabiki aliyekuwa akiambiwa kila dirisha la usajili kwamba kila kitu kinafuata utaratibu, lilisikika kama dharau.

Malalamiko ya mashabiki dhidi ya ligi yalikuwa na sehemu kadhaa, na si zote zilikuwa na nguvu sawa. Iliyorudiwa zaidi ni ile ya kulinganisha. Klabu sita kubwa za Uingereza ziliposaini kujiunga na mashindano ya Super League ya Ulaya Aprili 2021, jambo lililotishia msingi wa ligi yenyewe, zilimaliza kesi kwa kulipa pamoja pauni milioni 22 bila kupoteza pointi hata moja. Manchester City ilifunguliwa mashtaka zaidi ya 100 Februari 2023, mwezi mmoja kabla ya Everton kushtakiwa, na shauri lake halikuwa hata limeanza kusikilizwa pointi 10 zilipokatwa. Ni kweli kwamba kesi ya mashtaka zaidi ya 100 yanayokanushwa yote haiwezi kwenda kwa mwendo wa kesi moja ambayo mshtakiwa amekiri kosa, na mwanasheria yeyote angeeleza hivyo. Lakini hoja ya Super League haina jibu rahisi namna hiyo, na sijaona mtetezi wa ligi aliyewahi kuijibu vizuri.

Hoja nzito zaidi ilikuwa ya utaratibu. Kanuni zilieleza kosa na kikomo chake, ila hazikueleza adhabu yake. Agosti 2023, kesi ikiwa tayari mbele ya tume, ligi ilipendekeza fomula: pointi sita kwa kuvunja kanuni, kisha pointi moja kwa kila pauni milioni tano za ziada. Fomula hiyo haikuwa imepigiwa kura na klabu. Tume ilikataa kuifuata na kusema kwamba ina uhuru wa kuamua yenyewe, na ligi, iliyokuwa ikiomba pointi 12, haikupata zote. Hata hivyo yeyote anayeweza kugawanya 19.5 kwa tano na kujumlisha sita atafika karibu kabisa na 10. Andy Burnham, meya wa Greater Manchester na shabiki wa Everton, aliiandikia ligi akiueleza mwenendo huo kuwa ni matumizi mabaya ya mchakato. Hapa mashabiki walikuwa wameshika jambo la kweli. Kuwekewa kipimo cha adhabu baada ya kosa kutendeka na kesi kufunguliwa ni jambo ambalo mtu wa kawaida halikubali mahali popote, na halihitaji nadharia ya njama ili limkere.

Neno lililoandikwa kwenye kadi lilikwenda mbali kuliko ushahidi. Rushwa ni tuhuma ya mtu kupokea kitu ili apotoshe haki, na hakuna aliyeonyesha hilo. Uamuzi mbaya uliotolewa na watu huru kwa kanuni zenye mapengo ni kosa la aina nyingine kabisa. Naelewa kwa nini kadi haikuandikwa "kanuni zenye mapengo". Bado uchaguzi wa neno ulikuwa na gharama, kwa sababu uliifanya ligi ionekane kama inajibu matusi badala ya kujibu hoja.

Kuna kundi jingine la mashabiki lililokuwa na hasira ya upande wa pili, nalo lilisahaulika haraka katika kelele za Goodison. Kipindi kilichoamuliwa kiliishia msimu wa 2021/22. Msimu huo Everton ilimaliza na pointi 39, na Burnley ikashuka daraja ikiwa na 35. Kama pointi 10 zingekatwa katika msimu uleule ambao hesabu zake zilivuka kikomo, Everton ingebaki na 29 na kushuka. Hata zingekatwa sita tu, ingebaki na 33 na kushuka vilevile. Inajulikana kwamba vitabu vya hesabu hufungwa baada ya msimu kwisha na kesi huchukua muda, na kwa hiyo adhabu ya namna hii karibu kila mara huangukia msimu usiohusika. Kwa shabiki wa Burnley aliyeshuhudia timu yake ikishuka, habari ya Novemba 2023 kwamba mpinzani wake alikuwa amevuka kikomo ilifika mwaka mmoja na nusu baada ya haja. Yeye pia alichoshwa na nidhamu ya ligi, kwa sababu kinyume kabisa: kwake ilichelewa na ilikuwa laini.

Sasa tuitazame klabu. Siku ya hukumu Everton ilitoa taarifa ikisema imeshtushwa na kusikitishwa, kwamba adhabu haikulingana na kosa na haikuwa ya haki, na kwamba ingekata rufaa. Iliongeza kwamba itafuatilia kwa makini maamuzi katika kesi za klabu nyingine. Sentensi hiyo ya mwisho iliandikwa kwa hesabu. Iliwaambia mashabiki, bila kutamka jina, waangalie upande wa Manchester, na mashabiki wakaangalia. Katika taarifa hiyo hamkuwa na maelezo ya namna klabu ilivyofikia ziada ya milioni 19.5, wala nani aliidhinisha bajeti ya nafasi ya sita. Mwenyekiti Bill Kenwright alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, na wakurugenzi wengine watatu walikuwa wamejiuzulu Juni, kwa hiyo meza ya kujibu maswali ilikuwa karibu tupu. Moshiri mwenyewe tayari alikuwa amekubaliana Septemba 2023 kuiuza klabu kwa kampuni ya Marekani ya 777 Partners. Mwaka uliotangulia, katika barua ya wazi ya Juni 2022, alikuwa amekiri kwamba fedha nyingi hazikutumiwa kwa busara. Barua hiyo ilikuwa na uungwana wake, lakini iliandikwa kabla ya adhabu. Baada ya adhabu, wakati ambapo kukiri huko kungekuwa na uzito, klabu ilizungumza kwa sauti ya mawakili.

Lazima niwe muungwana: mawakili hao walifanya kazi nzuri. Rufaa ilikuwa na hoja tisa, zote zikilenga ukubwa wa adhabu na si kosa lenyewe, na tarehe 26 Februari 2024 bodi ya rufaa ilikubali mbili. Ilisema tume ilikosea kuona kwamba klabu haikuwa mkweli kwa ligi kuhusu mikopo ya uwanja, na ilikosea kutotazama vipimo vilivyokuwepo, ikiwa ni pamoja na miongozo ya ligi za madaraja ya chini. Pointi 10 zikawa sita, na Everton ikapanda hadi nafasi ya 15. Zingatia kilichofanya kazi. Pointi nne zilirudi kwa hoja ya ulinganifu iliyopangwa kwa utulivu, na mfumo ulioitwa umeoza ndio uliojisahihisha. Mashabiki wanaweza kudai kwamba bila kelele zao bodi isingekuwa makini hivyo, na siwezi kuwanyima dai hilo, ila katika sababu za uamuzi kelele hazimo.

Klabu ya pili iliyoadhibiwa msimu huohuo inatoa kipimo kizuri cha namna wamiliki wanavyoweza kuitikia. Nottingham Forest ya Evangelos Marinakis ilikatwa pointi nne tarehe 18 Machi 2024 kwa kuvuka kikomo chake cha milioni 61 (kidogo kuliko 105 kwa kuwa misimu miwili kati ya mitatu ilikuwa daraja la chini) kwa pauni milioni 34.5, ziada kubwa kuliko ya Everton. Ilipunguziwa pointi mbili kwa kukiri mapema na kutoa ushirikiano. Hadi hapo Forest ilikuwa imeonyesha busara kuliko Everton. Kisha Aprili, baada ya kufungwa 2-0 na Everton yenyewe na kunyimwa penalti ilizodai, klabu hiyo ilitoa taarifa hadharani ikidai kwamba mwamuzi wa video (VAR) alikuwa shabiki wa Luton, timu iliyokuwa ikipigania nayo kubaki ligi kuu. Taarifa hiyo ilikuja kuigharimu faini ya pauni 750,000. Mmiliki mmoja aliingia katika hasira ya mashabiki wake na kuipaza. Mwingine alikaa mbali na kuiacha ipite juu ya kichwa chake. Nikilazimika kuchagua, naona la Forest lilikuwa baya zaidi kwa mchezo, kwa maana liliwaweka waamuzi hatarini, na la Everton lilikuwa baya zaidi kwa klabu yenyewe.

Tarehe 8 Aprili 2024 Everton ilikatwa pointi nyingine mbili kwa kipindi kilichoishia msimu wa 2022/23, ziada ikiwa milioni 16.6. Miaka ya kipindi hiki iligongana na ile iliyokwisha kuadhibiwa, na tume ililizingatia jambo hilo, pamoja na kupotea kwa udhamini kutokana na vita vya Ukraine. Ligi ilikuwa imefika mahali ambapo msimamo wa timu uliweza kubadilika Jumatatu mchana kwa karatasi, na hata mashabiki wasio na uhusiano wowote na Everton walianza kuona kwamba hilo halifai. Wiki iliyofuata timu ilifungwa 6-0 na Chelsea. Kisha, kati ya tarehe 21 na 27 Aprili, ikazifunga Forest, Liverpool na Brentford mfululizo bila kuruhusu bao, na ikawa salama. Ilimaliza ya 15 ikiwa na pointi 40. Bila makato ingekuwa na 48 na nafasi ya 12. Klabu ilikuwa imekata rufaa dhidi ya pointi hizo mbili, lakini Mei iliiondoa, na swali la kuadhibiwa mara mbili kwa miaka inayogongana likabaki bila kuamuliwa na chombo cha juu.

Kiini cha kisa kiko katika sehemu moja ya hukumu ya kwanza ambayo ilipita bila kelele. Tume ilieleza kwamba faini isingetosha, kwa sababu klabu yenye mmiliki tajiri haiumizwi na faini. Kwa hiyo adhabu lazima iwe ya kimichezo. Mantiki hiyo ni sahihi hadi unapouliza inamwangukia nani. Mmiliki akitumia vibaya, fedha zake haziguswi kwa kuwa anazo nyingi, na pointi zinakatwa kwa timu ambayo wachezaji wake wapya hawakuwepo, kwa kocha aliyeajiriwa baadaye, na kwa watu walionunua tiketi za msimu mzima. Jina la mmiliki halimo katika msimamo wa ligi. Mashabiki wa Everton walihisi kwamba wameadhibiwa kwa kosa la mtu mwingine, na walikuwa sahihi. Kosa lao lilikuwa kumtafuta mtu huyo katika ofisi za ligi jijini London, huku mwenye kuidhinisha matumizi akiwa ndani ya klabu yao.

Mauzo kwa 777 Partners yalivunjika mwisho wa Mei 2024, kampuni hiyo ikiwa imezongwa na kesi ya udanganyifu jijini New York na ikiwa tayari imeikopesha Everton takriban pauni milioni 200. Tarehe 19 Desemba 2024 kundi la Friedkin, pia la Marekani, lilikamilisha ununuzi wa klabu. Moshiri akaondoka, na sehemu kubwa ya fedha alizoikopesha klabu ikageuzwa kuwa hisa badala ya deni. Katika kesi zote mbili hakuna amri yoyote iliyotolewa dhidi yake binafsi, kwa kuwa kanuni zilizotumika zilikuwa na mlalamikiwa mmoja tu, naye ni klabu.